Tunda la Joka na Shaka ya Zaqqum: Historia ya Mmea Mgeni Uani Kwetu



Ndugu wazazi na wanafunzi wetu wapenzi, makala haya yametokana na mzozo uliotokea uani kwangu hapa Munuki, mzozo ambao nusura utugharimu wanafunzi wa madrasa. Naueleza tangu mwanzo ili anayeusikia mitaani ajue ulivyokuwa.

Mwaka 2023 jirani yetu mmoja alirudi kutoka Kampala na vipande vitatu vya mmea wa kijani, vyenye kingo tatu tatu, urefu wake kama kutoka kiwiko hadi ncha za vidole. Akaniambia, "Ustadh, hili ni tunda la joka. Lipande, hutanunua tena matunda ya watoto." Nikalipanda kwenye nguzo karibu na banda tunaposomeshea. Baada ya mvua mbili tatu likaanza kuikwea nguzo, likitoa mizizi hewani na kushikilia kama mjusi. Watoto wakaanza kutishana: huyu anasema usiku linageuka nyoka, yule anasema ukiligusa mkono unaoza. Mimi nikacheka tu.

Kumbe nilicheka mapema. Siku moja baada ya swala ya Alasiri alikuja mzee wetu wa msikiti, mtu ninayemheshimu kama baba yangu. Alisimama mbele ya ule mmea kitambo kirefu, kisha akasema, "Ustadh, huu ni mti wa Zaqqum. Hauna majani, una miiba, na wewe mwenyewe umewaambia watoto kwamba tunda lake ni la joka. Vipi unawapandia watoto wa Kiislamu mti wa motoni kwenye madrasa?"

Nikamwambia, "Ami Hajj, nipe mpaka Ijumaa nisome."

Kabla ya Ijumaa kufika, wazazi wawili walikuwa wamekwisha kuwazuia watoto wao, jumla watano. Hapo nikajua kwamba jambo hili halihitaji kucheka, linahitaji kusoma.

Kwanza tuanze na Zaqqum yenyewe. Mti huu umetajwa kwa jina katika sura tatu za Qur'ani Tukufu: As-Saffaat, Ad-Dukhaan na Al-Waaqi'a. Tunafahamishwa kwamba unatoka katika kina cha Jahannamu, na kwamba mazao yake ni kama vichwa vya mashetani. Kwa hiyo huo ni mti wa Akhera, katika mambo ya ghaibu, wala hauoti Munuki wala Kampala. Makafiri wa Makka walipousikia walifanya mzaha, wakauliza vipi mti uote motoni. Wafasiri wameeleza kwamba Abu Jahl alidai Zaqqum ni tende na siagi tu, akawaita wenzake waje wale. Basi jaribio la kuishusha Zaqqum iwe chakula cha duniani si jipya, na lilianzia mahali pabaya. (Hili la Abu Jahl sikumwambia mzee, naliandika hapa tu.)

Hata hivyo, Waarabu walikuwa nao mti wa kawaida walioupa jina hilo. Mwanachuoni Abu Hanifa ad-Dinawari, aliyefariki mwishoni mwa karne ya 9, si Imamu Abu Hanifa wa madhehebu, wasije vijana wakachanganya, aliandika kitabu kikubwa cha mimea. Humo amenukuu kutoka kwa bedui mmoja wa kabila la Azd wa milima ya Sarat sifa za mti uitwao zaqqum: una rangi ya vumbi, una majani madogo ya mviringo, hauna miiba, unanuka, ni mchungu, na nyuki huyafuata maua yake. Zingatieni hapo, ndugu zangu. Una majani na hauna miiba. Mmea wangu una miiba na hauna majani. Hoja zote mbili za mzee wetu zilielekea upande wa pili.

Halafu jina lenyewe limehama hama. Waturuki wanaita zakkum ule mmea wa maua mekundu na meupe wenye sumu, unaopandwa kando ya barabara katika nchi za bahari ya kati. Huko Ariha, Palestina, watu waliita zaqqum mti ambao sisi hapa tunaujua sana, ule wa lalobu. Mafuta yaliyokamuliwa kwenye kokwa zake yaliuzwa kwa mahujaji waliopita Ariha. Lalobu! Matunda wanayouza akina mama wa sokoni, tuliyoyanyonya utotoni mfukoni hapakuwa na hata senti moja. Katika miaka ya njaa na vita lalobu imelisha watu wengi wa nchi hii. Kama jina linatosha kuharamisha mti, basi tumekwisha kula mengi.

Sasa tuje kwenye historia, kwani hapo ndipo mambo yalipo.

Tunda la joka ni katika jamii ya kaktasi, ndugu wa mpungate tunaoujua. Na kaktasi zote asili yake ni bara la Amerika, isipokuwa aina moja tu, ambayo pia huota yenyewe katika misitu ya Afrika, Madagaska na Sri Lanka. Hiyo moja huning'inia kwenye matawi ya miti mikubwa katika misitu ya Tanzania, Kenya na Uganda, mfano wa kamba nyembamba za kijani, na huzaa vitunda vyeupe kama lulu. Haina miiba ya maana na wengi hupita chini yake bila kujua kwamba ni kaktasi. Wataalamu mpaka leo wanabishana ilivukaje bahari, wengi wakisema ni ndege waliobeba mbegu.

Wapo watakaosema, mbona porini kwetu ipo mimea minene ya miiba, mirefu kama kinara cha mishumaa? Ile si kaktasi. Ile ni jamaa ya mnyaa. Ukiikata hutoka utomvu mweupe kama maziwa, na utomvu huo ukiingia jichoni ni balaa. Kaktasi kwa kawaida ukiikata hutoa maji tu. Wafundisheni watoto tofauti hii, ina faida kuliko hadithi za nyoka.

Basi Waarabu wa zama za Mtume (S.A.W.) hawakupata kuiona kaktasi, na vilevile maswahaba, na vilevile maimamu wanne. Ibn al-Baytar, Mwislamu wa Malaga aliyefariki Damascus mwaka 1248, aliandika kamusi ya dawa na vyakula yenye vitu takriban 1,400, na mpungate haumo, kwani Amerika ilikuwa bado haijulikani upande huu wa dunia. Mwaka 1492 ndio Columbus alivuka bahari. Na mwaka huohuo, mwezi Januari, ndio Granada ilianguka na utawala wa Waislamu wa Andalusia ukamalizika. Mambo mawili haya yalitoka katika kasri moja la wafalme wa Hispania, na mpungate ukaingia katikati yake. Meli ziliuleta Hispania, ukaota vizuri katika nchi kavu ya Andalusia. Waislamu waliobaki huko kwa siri, Wamorisko, walipofukuzwa kati ya mwaka 1609 na 1614, inaelezwa kwamba wao ni miongoni mwa walioueneza Afrika ya Kaskazini.

Tazameni majina. Wafaransa wanaliita tunda la mpungate tini la Barbaria, yaani la pwani ya Waislamu. Waislamu wa Algeria na Morocco wanaliita karmus an-nasara, yaani tini la Wakristo. Watunisia wanasema hindi, na Waitalia nao wanasema tini la India. Kila mmoja anamtupia mwenzake, na hakuna aliyemtaja mwenyewe, Mmarekani wa asili! Sisi Waswahili si watakatifu katika jambo hili. Tunasema mahindi, kana kwamba yametoka kwa Wahindi, Wamisri wakasema ni dura ya Sham, Waturuki wakasema ni Misri, nayo yote yametoka Amerika. Karanga nazo zatoka huko huko, lakini nenda Cairo uone zinaitwaje: ful sudani, maharage ya Sudan. Hivyo mihogo, mahindi, karanga, viazi vitamu, papai, mapera na nanasi ni wageni kama huyu wangu, ila wametangulia kufika. Anayetaka kung'oa wageni aanzie jikoni kwake.

Mpungate haukuwa na sura moja kila ulipokwenda. Palestina waliupanda kuwa ua wa mashamba, wakauita sabr, jina linalotukumbusha subira. Vijiji vingi vilipobomolewa mwaka 1948 mawe yaliondolewa, lakini ua wa sabr uliendelea kuchipua kutoka mizizini, hata leo mtu anayetafuta kijiji cha babu yake hutazama mstari wa mipungate. Madagaska ya kusini watu waliutumia kwa ua, kwa malisho ya ng'ombe na kwa maji wakati wa ukame. Mwaka 1924, chini ya utawala wa Wafaransa, uliingizwa mdudu mdogo anayenyonya mpungate, na katika miaka michache mipungate ikafa eneo kubwa. Ng'ombe wakafa, kisha watu wakafa kwa njaa mwanzoni mwa miaka ya 1930. Lakini huko Laikipia, Kenya, ni kinyume chake. Mpungate ulioletwa kuwa ua na pambo wakati wa ukoloni ulitoroka ukavamia malisho, miiba yake midogo ikawaumiza mbuzi midomo na matumbo. Tembo na nyani waliokula matunda wakaeneza mbegu. Kuanzia mwaka 2014 wafugaji wa huko wameletewa mdudu wa jamii ileile ya Madagaska ili kuupunguza. Mdudu aliyeleta njaa upande mmoja ndiye dawa upande mwingine. Nimewasomesha wanafunzi wa darasa la juu habari hizi mbili kwa pamoja, wakabishana saa nzima, nami sikuwakatiza.

Tunda la joka lenyewe asili yake ni kusini mwa Mexico na Amerika ya Kati, ambako huitwa pitaya au pitahaya. Katika karne ya 19 Wafaransa walilipeleka Vietnam. Wavietnam wakalipa jina la thanh long, yaani joka la kijani, kwa sababu ya shina linavyojinyonga nyonga na magamba ya tunda. Wachina wakasema tunda la joka la moto. Kumbukeni kwamba joka kwa watu wa huko si shetani, kwao ni alama ya heri na mvua. Kutoka hapo jina likaenea duniani, nasi tukalitafsiri kama lilivyo, na Mwarabu wa leo naye anasema fakihat at-tinnin, tunda la joka. Vietnam ikawa mkulima mkubwa wake. Kwetu Afrika Mashariki ni miaka ya 2010 ndipo wakulima wa Kenya na Uganda walipoanza kulipanda kwa wingi kwa ajili ya biashara, na kutoka huko ndipo vipande vinapovuka mpaka wa Nimule mpaka Juba.

Ijumaa ilipofika nilimweleza mzee haya yote, pamoja na habari moja ambayo naona ndiyo iliyomgusa zaidi. Nilimwambia, "Ami Hajj, unakunywa buni?" Akasema kila siku. Nikamwambia kwamba mwaka 1511 mjini Makka, ofisa wa masultani wa Misri aitwaye Kha'ir Beg aliwakusanya wanavyuoni na matabibu, kahawa ikapigwa marufuku na kuchomwa moto hadharani. Baadaye amri kutoka Cairo ikalegeza, na wanavyuoni wengi wakaja kuihalalisha, kwani asili ya vitu ni uhalali mpaka ipatikane dalili ya kuharamisha. Na kahawa iliyohukumiwa Makka imetoka wapi? Imetoka nyanda za juu za Ethiopia, na ndugu zake wa porini wako mpaka leo katika uwanda wa Boma, ndani ya nchi yetu hii ya Sudan Kusini. Mgeni aliyeshtakiwa Makka alikuwa mtu wa kwetu.

Mzee alinyamaza kidogo, akatabasamu, akasema, "Lakini hilo jina la joka liondoe." Nikasema sawa. Tangu siku hiyo madrasa yetu inasema pitaya. Katika wale watoto watano, watatu walirudi wiki iliyofuata. Wawili hawajarudi, na baba yao tukikutana tunasalimiana tu. Sijui kama ni pitaya peke yake au yapo mengine.

Nami nina sababu yangu ya kushikilia mmea huu, nayo ni ya kihistoria pia. Ng'ambo ya mto, kaskazini kidogo ya Juba, ndipo Gondokoro ilipokuwa. Msafara wa Salim Qapudan uliotumwa na Muhammad Ali wa Misri ulifika eneo hilo Januari 1841. Miaka ya 1850 wamisionari wa Austria wakajenga hapo kanisa la matofali na bustani, wengi wao wakafa kwa homa, na kabla ya mwaka 1860 kumalizika wakaondoka. Samuel Baker alipofika mwaka 1863 alikuta magofu, lakini akaandika kwamba miti ya ndimu na malimau ilikuwa bado imesimama pale. Wenyewe wamekufa, waliobaki wamehama, malimau yapo. Mimi nilijifunza Kiswahili ukimbizini Kenya, nikarudi hapa baada ya amani ya mwaka 2005, nikapanda mlimau. Julai 2016, siku zile risasi zilipolia mjini, tuliondoka na nguo tulizovaa. Tuliporudi nyumba haikuwa na mlango wala mabati, vyombo havikuwepo, na mlimau ulikuwa umezaa. Majirani waliobaki walikuwa wakichuma. Nilifurahi, wallahi, kwani Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba Mwislamu akipanda mti, kila atakachokula humo mtu, ndege au mnyama huandikiwa sadaka. Sikuwepo, na mlimau ulikuwa ukinifanyia kazi.

Ama namna ya kuotesha pitaya, wengi mmeniuliza, na si kazi ngumu. Kata kipande cha urefu wa mkono mmoja, kiache kivulini siku tano hadi saba mpaka kidonda kikauke, la sivyo kitaoza. Angalia kipande kilivyokuwa kikikua, kisikuzwe kichwa chini. Weka nguzo yenye urefu wa mtu. Usiweke ya mti, mimi nguzo ya kwanza iliisha kwa mchwa kabla ya mwaka, sasa natumia bomba la chuma lililojazwa zege. Juu ya nguzo funga tairi kuukuu la pikipiki ili matawi yapite ndani na kuning'inia nje. Vipande vitatu au vinne vyatosha kuizunguka nguzo moja. Udongo wetu wa changarawe nyekundu unaufaa ukichanganywa na samadi ya mbuzi, ila mvua za Agosti zikituama shinani mmea unaoza, hivyo inua tuta. Kiangazi cha Januari na Februari uufunike kidogo kwa mkeka, jua letu linaubabua mpaka uwe wa njano.

Maji unataka kidogo, na hili ni jambo kubwa kwa sisi tunaonunua maji kwa pipa. Miti mingi hufungua matundu yake ya kupumulia mchana na kupoteza maji mengi juani, lakini kaktasi hufunga mchana na kufungua usiku. Na ua lake ni la usiku vilevile. Hufunguka baada ya Isha, jeupe, kubwa kuliko mkono wa mtu mzima, na asubuhi linanyauka, halirudii. Huko kwao popo na nondo ndio wachavushaji. Mei 2025 ua la kwanza lilipokaribia niliwaita wanafunzi wakubwa pamoja na wazazi wao, tukakaa uani na taa, na mzee wetu akaja na kiti chake. Saa tatu na nusu likafunguka. Tulitumia unyoya wa kuku kugusa unga wa manjano na kuupaka katikati ya ua. Siku thelathini na mbili baadaye tukachuma tunda moja, tukaligawa vipande vyembamba sana, kila mtoto akaonja. Mmoja akasema halina ladha kama embe. Kweli halina.

Tahadhari mbili. Matawi unayopogoa usiyatupe khorini, kila kipande huota, na habari ya Laikipia nimekwisha kuieleza. Na ukipata aina yenye nyama nyekundu, mwambie mkeo na watoto mapema kwamba mkojo unaweza kuwa mwekundu siku ya pili. Ni rangi ya tunda tu, msikimbilie zahanati usiku.

Sasa nguzo yangu ina matawi ya kutosha. Anayetaka kipande aje baada ya Alasiri siku ya Alhamisi, tunapokuwa tumemaliza darasa la wadogo, aje na gazeti la kufungia kwa sababu ya miiba. Mzee wetu amekwisha kuchukua vyake viwili.